Shangazi Anajibu: Joto la Usiku, Homoni, na Ule Utafiti Uliotutisha Wote

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinaongelea kitu kimoja, kukoma hedhi na hii miaka ya katikati ambayo wengi wetu tunaipitia kimya kimya. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha, majina yote nimeyaacha. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni nesi na mkunga, na tafiti nazifuatilia kwa sababu nimeona habari ya nusu nusu inavyomuumiza mtu. Ninachoandika hapa kisichukue nafasi ya daktari anayekuona uso kwa uso na kukupima.

Shangazi shikamoo. Nina miaka 49. Tangu mwaka jana siku zangu zinakuja zinavyojisikia, mara miezi miwili kimya, mara wiki tatu tu hii hapa. Ila kinachonimaliza ni usiku. Naamka saa nane nimelowa kuanzia shingoni mpaka kiunoni, nguo ya pili ya kulalia naiweka kabisa pembeni ya mto maana najua nitabadilisha, alafu dakika kumi baadaye nasikia baridi natetemeka. Kazini nasinzia. Daktari kaniandikia homoni, nikafurahi, kufika nyumbani dada yangu ananipigia simu analia eti homoni zinaleta kansa ya titi na kuna utafiti mkubwa Marekani ulisimamishwa kwa sababu hiyo. Karatasi ya dawa iko kwenye pochi mpaka leo. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pole, kukosa usingizi kunammaliza mtu kuliko watu wanavyodhani. Dada yako hajatunga, huo utafiti upo. Unaitwa Women's Health Initiative, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 90 na uliandikisha wanawake zaidi ya 160,000 wa umri wa miaka 50 mpaka 79. Ndani yake kulikuwa na majaribio kadhaa, na hilo lililozua taharuki lilikuwa na wanawake kama 16,600 ambao kizazi chao bado kipo, karibu nusu yao wakapewa kidonge chenye homoni mbili, estrojeni na projestini (projesteroni ya kutengenezwa), wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua kapata kipi. Julai 2002 wakalisimamisha kabla ya muda. Wakasema waliomeza dawa wanapata zaidi kansa ya titi, magonjwa ya moyo, kiharusi na damu kuganda. Habari ikasambaa dunia nzima, wanawake wakaacha dawa ghafla, na madaktari wengi waliosoma baada ya hapo wakakua na woga huo huo.

Sasa tuangalie namba zenyewe, maana mara nyingi watu wanapewa hofu bila namba. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia dawa, kwa mwaka mmoja 30 walipata kansa ya titi. Kati ya 10,000 waliotumia, 38. Nyongeza ni wanawake 8 katika kila 10,000 kwa mwaka. Ukiiandika kwa asilimia unapata ongezeko la asilimia 26, na kimahesabu ni sahihi kabisa, lakini mtu akisikia asilimia 26 anaelewa kwamba robo ya wanawake wataumwa kansa, na sivyo hata kidogo. Kiharusi kilitoka 21 kikafika 29. Upande wa pili kuvunjika nyonga kulishuka toka 15 mpaka 10, na kansa ya utumbo mpana toka 16 mpaka 10. Hao wanane siwadharau, kila mmoja wao ni mama wa mtu. Ila ukiogopa kitu ni haki yako kujua ukubwa wake.

Alafu kuna swali la nani walipimwa. Wastani wa umri wao ulikuwa 63, wengi wao hedhi ilishakoma miaka mingi. Lengo kubwa lilikuwa kujua kama homoni zinakinga magonjwa ya uzeeni hasa ya moyo, halikuwa kujua kama zinamsaidia mwanamke wa 49 anayelowa jasho saa nane za usiku. Na umri wa kuanza una maana kubwa. Mwaka 2016 yalitoka majibu ya jaribio lingine, ELITE, wanawake 643, wale walioanza estrojeni ndani ya miaka sita tangu hedhi ikome, kuta za mishipa yao ya shingoni zilinenepa polepole kuliko za wenzao wasiotumia, lakini walioanza baada ya miaka kumi au zaidi hawakupata faida hiyo. Ndio maana miongozo ya sasa inasema kama una dalili zinazokusumbua, uko chini ya miaka 60 au hedhi haijatimiza miaka kumi tangu ikome, na huna kizuizi, basi kwa wengi faida inazidi hatari.

Tena uliza ni dawa ipi. Ile ya 2002 ilikuwa estrojeni inayotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, pamoja na projestini moja inayoitwa medroksiprojesteroni. Leo wengi wanaandikiwa estrojeni nyingine inayoitwa estradioli, ya kibandiko au jeli ya kupaka, inaingia kwa ngozi bila kupita kwanza kwenye ini, na tafiti za kufuatilia watumiaji hazijaonyesha hatari ile ya damu kuganda tunayoiona kwa vidonge. Na hiki kitu wengi hawajawahi kuambiwa: kwenye utafiti ule ule kulikuwa na kundi la wanawake waliotolewa kizazi, wao walipewa estrojeni peke yake. Jaribio lao lilisimamishwa 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini kansa ya titi kwao ilipungua, na walipofuatiliwa kwa miaka zaidi ya 20, majibu yaliyochapishwa 2020 yakaonyesha kansa ya titi chache na vifo vyake vichache. Kwa hiyo ukisikia "homoni zinaleta kansa" jiulize ipi, kwa nani, na kwa muda gani.

Wewe kizazi kipo, basi lazima estrojeni yako iende pamoja na projesteroni, maana estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na inaweza kuleta kansa huko, hilo limejulikana toka 1975. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuondoa onyo zito lililowekwa baada ya utafiti ule kwenye dawa nyingi za aina hii, ila onyo la estrojeni peke yake kwa mwenye kizazi likabaki.

Rudi kwa daktari na hiyo karatasi. Mwambie kama umewahi kuumwa kansa ya titi, damu kuganda, kiharusi, moyo, ini, au kama unatoka damu isiyoeleweka, hayo yanabadilisha ushauri wote. Kama hayapo, muulize kuhusu kibandiko. Na dada yako mpe ukurasa huu asome, analia kwa sababu anakupenda.

Dada, mimi ni 53, nilitibiwa kansa ya titi na bado natumia tamoksifeni, dawa ya kuizuia isirudi. Homoni nimekatazwa kabisa. Joto linanipanda mara nyingi kwa siku mpaka naona aibu kwenye vikao. Watu wananiambia vumilia mwaka mmoja litaisha. Onlaini wananiuzia dawa za mitishamba wanasema ni salama kwa sababu ni asili. Hivi sisi tuliougua kansa hatuna msaada?

Msaada upo, na kwa kweli huu ni mmoja kati ya mambo yanayonifurahisha sana kwenye utafiti wa miaka hii.

Kwanza hilo la mwaka mmoja. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa SWAN, ulifuatilia wanawake 3,302 wa asili tofauti kwa miaka na miaka. Majibu ya 2015 yalionyesha kwamba kwa wale wenye joto la mara kwa mara, muda wa kati ni miaka 7.4, yani nusu yao walizidi hapo, na kwa wanawake weusi ulikuwa mrefu zaidi, miaka 10.1. Kwa hiyo mtu akikwambia vumilia mwaka mmoja anakupa tarehe ambayo haipo.

Sasa hili joto linatoka wapi. Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, ndiyo inayoamua mwili umepata moto au baridi. Humo humo kuna seli za neva ambazo estrojeni kawaida inazituliza. Naomi Rance wa Chuo Kikuu cha Arizona alichunguza ubongo wa wanawake waliofariki baada ya kukoma hedhi, akakuta seli hizo zimevimba, zimekuwa kubwa kuliko za wanawake ambao hedhi yao ilikuwa bado. Zinatoa kemikali inaitwa neurokinini B na kuisukuma kwenye kituo cha joto. Mtafiti mwingine, Robert Freedman, alipima akaona mwanamke asiye na dalili, joto la ndani ya mwili linaweza kupanda na kushuka kama nyuzi 0.4 bila jasho wala kutetemeka, lakini mwenye dalili nafasi hiyo ni kama hamna. Yani mwili wako unafungua jasho kwa kitu kidogo ambacho zamani usingekisikia, na baada ya jasho kukupoza kupita kiasi ndo unatetemeka. Sio woga na wala sio kwamba unajiendekeza.

Walipoijua njia hiyo wakatafuta dawa ya kuifunga. Mei 2023 Marekani wakaruhusu fezolinetanti, sio homoni, inazuia neurokinini B isifanye kazi yake. Ina angalizo lake, Desemba 2024 waliiwekea onyo zito la ini, kwa hiyo anayeitumia anapimwa damu kabla ya kuanza na tena kila mwezi mwanzoni. Mwaka 2025 ikaja elinzanetanti, ikaruhusiwa Uingereza Julai na Marekani Oktoba, na hii ilijaribiwa pia kwa wanawake kama wewe, walio kwenye dawa za homoni za kuzuia kansa ya titi, na joto likapungua vizuri. Kama hizo hazipatikani kuna dawa za zamani zaidi, venlafaksini kwa dozi ndogo au gabapentini. Ila sikiliza hapa vizuri: kuna dawa ya sonona inaitwa paroksetini ambayo nayo inapunguza joto, lakini inauzuia mwili usiigeuze tamoksifeni kuwa ile hali yake yenye nguvu. Usiitumie kabla ya kuongea na daktari wako wa kansa. Tiba ya mazungumzo, ile ya kubadilisha jinsi unavyoyapokea mawazo, nayo ina ushahidi mzuri, haiondoi joto lenyewe sana ila inalipunguzia makali na inarudisha usingizi.

Hiyo mitishamba ya onlaini mi nakuomba uiache, kwako hasa. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa kukoma hedhi cha Amerika Kaskazini walipitia ushahidi wa tiba zisizo homoni, na mitishamba na virutubisho hawakuvipendekeza. Kwenye majaribio ya joto hili hata wanaomeza kidonge kisicho na dawa huwa wanapata nafuu ya kutosha, ndio maana kila muuzaji ana shuhuda za kweli kabisa za watu waliopona na bado dawa yake ikawa haina kitu. Na baadhi ya mimea inafanya kazi kama estrojeni, kitu ambacho wewe unatumia tamoksifeni ili kukizuia.

Nimepima homoni mara mbili, mwezi wa tatu nikaambiwa nimeshakoma, mwezi wa tano nikaambiwa bado. Niko na 47. Maabara walikosea?

Hapana, maabara hawajakosea. Kwenye kipindi cha mpito, yani miaka ya kuelekea kukoma, ovari zinafanya kazi kwa kurukaruka, wiki hii FSH, ile homoni inayozihimiza ovari, iko juu, mwezi ujao imeshuka, kwa hiyo kipimo kimoja kinakuonyesha siku ile tu. Miongozo ya Uingereza inasema wazi, mwanamke mwenye dalili za kawaida aliyepita miaka 45 hahitaji kipimo hicho, dalili na mwenendo wa hedhi vinatosha. Tunasema umekoma pale unapotimiza miezi 12 mfululizo bila hedhi na bila sababu nyingine. Hela ya kipimo cha tatu iache. Na uzazi wa mpango usiache, ushauri ni miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho kama ilikoma kabla ya 50, mwaka mmoja kama ilikoma baada ya hapo. Mimba za umri huu zipo na zinawakuta watu walioambiwa wameshakoma.

Shangazi salaam. Mimi ni mume, msinifukuze. Mke wangu ana 51, alikuwa mtu wa hesabu kali, anakumbuka kila kitu. Siku hizi anaingia chumbani anasimama katikati ya mlango, kasahau alichofuata. Jina la jirani yetu wa siku zote limempotea mbele yake. Analia bila sababu, nikimuuliza anakasirika. Mama yake alikufa na ugonjwa wa kusahau na najua anawaza hilo ila hasemi. Nami naogopa kusema.

Karibu baba, hufukuzwi, natamani waume wengi wangeandika.

Huo utafiti wa SWAN niliousema juu uliwapima wanawake kumbukumbu mara kwa mara mwaka hadi mwaka. Ukakuta kwamba kwenye kipindi cha mpito uwezo wa kujifunza vitu vipya na kufanya mambo kwa haraka unadorora kidogo, halafu hedhi ikishakoma kabisa unarudi. Yani mkeo anachokisikia ni kitu halisi kinachoonekana kwenye vipimo, hajifikirii tu, lakini kwa wanawake walio wengi sio mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, ambao kwa umri wa 51 ni nadra. Majina kupotea na kusahau ulichofuata ndo malalamiko ya kawaida kabisa ya kipindi hiki. Ambacho kingenishtua ni kupotea kwenye njia anayoijua, kushindwa kazi aliyoifanya miaka yote, kurudia swali lile lile bila kujua kwamba kalirudia, au wewe kuona na yeye haoni. Hapo ni hospitali bila kusubiri.

Kuhusu kulia. Tafiti zimeonyesha kwamba hatari ya sonona inapanda kwenye mpito huu, hasa kwa aliyewahi kuwa nayo zamani, ila hata asiyewahi anaweza kuipata. Na usisahau usingizi, mtu anayeamshwa na jasho kila usiku kwa miezi atasahau na atalia hata awe na nguvu gani. Apimwe pia tezi ya shingo na wingi wa damu maana zote mbili zinaiga dalili hizi, na mwanamke anayetoka hedhi nzito za kipindi cha mpito anaweza kuishiwa damu bila kujua.

Sasa wewe. Mwambie, kwa sauti ya chini mkiwa wawili, "najua unamfikiria mama". Usimwambie hana kitu. Alafu nenda naye kwa daktari, ukae ndani, useme ulichokiona, kwa sababu wanawake wengi wakifika pale wanasema niko sawa. Akizungumzia kutaka kufa au kutokuwa na maana ya kuishi, hiyo ni dharura ya siku ile ile.

Miaka mitatu sijaona siku zangu. Wiki iliyopita nimeona damu kidogo kwenye chupi, siku mbili, ikaisha. Rafiki yangu anasema ni kawaida, kizazi kinajisafisha. Niende hospitali au nisubiri ikirudi?

Nenda, usisubiri irudi. Kizazi hakijisafishi baada ya miaka mitatu. Damu yoyote baada ya kukoma hedhi, hata tone, hata mara moja, inachunguzwa. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba karibu asilimia 9 ya wanawake wanaotoka damu namna hii wana kansa ya ukuta wa kizazi. Maana yake wengi sana hawana, inakuwa ngozi ya ndani imekuwa nyembamba au kuna kinyama kisicho na madhara. Lakini ukiigeuza, kati ya wanawake wenye kansa hiyo karibu asilimia 91 walitokwa na damu kwanza. Ni ugonjwa unaojitangaza mapema na ukishikwa mapema unatibika vizuri sana. Watakufanyia ultrasaundi ya ndani na pengine kuchukua kipande kidogo cha ukuta wapime. Nenda wiki hii hii tafadhali.

Sili zaidi ya zamani lakini tumbo limekuja, miguu imekonda. Ni kweli umri huu mwili unaacha kuchoma chakula? Na mifupa inaliwa?

La kuchoma chakula watu wengi tumeliamini bila kuuliza. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya zaidi ya watu 6,000 kuanzia vichanga mpaka wazee, ukishaondoa tofauti ya ukubwa wa mwili, nguvu mwili unayotumia inabaki pale pale toka miaka 20 mpaka 60, wanawake kwa wanaume, kukoma hedhi hakukuonekana hata kidogo kwenye huo mstari. Kinachobadilika ni mahali mafuta yanapokaa, na misuli. SWAN walipima wakaona mpito ukianza kasi ya kuongeza mafuta inakuwa kama mara mbili na misuli inaanza kupungua, alafu vyote vinatulia miaka miwili hivi baada ya hedhi ya mwisho. Kwa hiyo hujaona vibaya, tumbo na miguu ni mabadiliko ya kweli. Na mafuta ya tumboni ndo yale yanayokaa na presha na sukari, kolestro mbaya nayo inapanda karibu na mwaka wa hedhi ya mwisho, kwa hiyo hivyo vitatu vipime hata kama hujisikii kuumwa.

Mifupa ndiyo, inapungua kwa kasi kuanzia mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho mpaka miwili baada yake, kisha kasi inapoa bila kusimama kabisa. Hapa nina maneno kidogo na ushauri wa "tembea tembea". Kutembea ni kuzuri kwa moyo, nakupenda utembee, lakini mfupa unataka uzito. Kuna jaribio la Australia linaitwa LIFTMOR, wanawake 101 waliokoma hedhi na mifupa imeanza kupungua, kundi moja likanyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, dakika 30, chini ya msimamizi, miezi minane. Mifupa ya uti wa mgongo kwao iliongezeka, ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ikapungua. Wale wanawake wengi wangeambiwa na watu wa nyumbani wasibebe kitu kizito. Anza na mtu anayejua kufundisha, polepole, na kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, pata kipimo cha mifupa kwanza. Ukivuta sigara acha, inapunguza mifupa na inawahisha kukoma hedhi kwa mwaka mmoja au miwili.

Mwenzangu, nina 61, naandika hili nikiona aibu. Tendo la ndoa limekuwa kama adhabu, nakauka, naumia, na UTI hazikauki, namaliza antibayotiki mwezi ujao tena. Nimemwambia mzee tulale vyumba tofauti, kadhani simpendi. Umri umekwisha nadhani.

Umri haujakwisha mwenzangu na asante kwa kuandika, kuna wengi wako kama wewe na hawatauliza. Estrojeni ikishuka ngozi ya uke na njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu, na bakteria walinzi wanapungua, ndo maana maumivu na UTI zinakuja pamoja. Tofauti na joto la ghafla, hili haliishi lenyewe, linaongezeka na miaka, kwa hiyo kuvumilia hakukusaidii. Dawa yake ni estrojeni ya kuweka ukeni kwa dozi ndogo, krimu au kidonge kidogo. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana, haihitaji projesteroni, na inaweza kuanzwa kwa umri wako bila ile hesabu ya miaka kumi niliyoieleza juu. Inapunguza na UTI za kujirudia, kitu ambacho naumia nikiona mtu kapewa antibayotiki mwaka mzima bila kuulizwa swali moja kuhusu ukavu. Ipe wiki chache mpaka miezi mitatu. Wakati unasubiri tumia kilainishi. Na mzee mwambie ni maumivu, kwa maneno hayo hayo, yeye hawezi kujua.

Shikamoo shangazi. Mi ni 36. Miezi minane sasa sijaona siku, kipimo cha mimba hamna. Joto linanipanda. Nimeenda zahanati nikaambiwa ni stresi, niende likizo. Nikisoma kwenye mtandao naona kukoma hedhi ni miaka 50. Mama yangu nakumbuka alikoma mapema sana. Sina mtoto bado.

Marahaba mwanangu. Miezi minane kwa umri wa 36 haiishii kwenye neno stresi. Stresi inaweza kusimamisha hedhi ndio, lakini hiyo inasemwa baada ya vipimo, sio kabla. Kuna hali ambapo ovari zinapunguza kazi kabla ya miaka 40. Zamani tulikuwa tunasema ni mwanamke mmoja kati ya 100, makadirio mapya yanafika kama 3 na nusu kati ya 100, kwa hiyo hauko peke yako hata kama hujamjua mwenzako. Wakati mwingine iko kwenye familia, hilo la mama yako lazima ulitaje. Wakati mwingine ni kinga ya mwili, au matibabu ya kansa, na mara nyingi sababu haipatikani.

Kwako wewe FSH inapimwa, tofauti na yule dada wa 47 hapo juu, pamoja na estrojeni, prolaktini (homoni ya maziwa) na tezi ya shingo, na kipimo cha mimba warudie. Mwongozo wa kimataifa wa 2024 unasema hedhi ikiyumba kwa miezi minne na FSH ikawa zaidi ya 25, inatosha kutambua hali hii, na kama kuna mashaka wanarudia baada ya wiki nne mpaka sita. Omba wakupeleke kwa daktari bingwa wa wanawake, na kama ni hiyo, watakutafutia na kipimo cha kromosomu, yani vinavyobeba vinasaba.

Ikithibitika usiogope homoni kwa sababu ya ule utafiti wa 2002. Wale walikuwa na wastani wa miaka 63 na walikuwa wanaongezewa kitu ambacho miili yao ilishaacha kutengeneza kwa umri wake wa kawaida. Wewe unarudishiwa kile ambacho wenzako wa 36 wanacho bado. Ukikaa bila estrojeni miaka 15 mifupa na moyo vinalipa, ndiyo maana ushauri ni kuitumia mpaka karibu na miaka 50, labda kuwe na kizuizi maalum kama kansa ya titi.

Kuhusu mtoto nitakuambia ukweli wote. Ovari kwenye hali hii zinaweza kuamka mara moja moja, na kama wanawake 5 mpaka 10 kati ya 100 wanashika mimba wenyewe bila msaada. Kwa wengine njia inayofanikiwa zaidi ni yai la kuchangiwa, na hilo ni zungumzo la moyo kama lilivyo la hospitali, usiliamue siku ya majibu. Omba kwenda na mtu unayemwamini siku hiyo. Kama zahanati ile watakuambia tena likizo, waambie uandikiwe kwenye faili kwamba umeomba FSH na umekataliwa, mara nyingi wakifika hapo wanakuandikia kipimo. Na ukipata majibu waombe na kipimo cha mifupa, kwa umri wako watu wanakisahau.